Hisa mpya na bei: wingi peke yake haushushi

"Kampuni imetoa hisa mpya, kwa hiyo bei lazima ishuke." Kila kampuni inapotangaza kuongeza mtaji, kauli hii hurudi, na husemwa kwa uhakika ambao haistahili.

Kutoa hisa mpya ni kampuni kuongeza idadi ya hisa zake na kuziuza ili ipate mtaji. Mwanahisa asiyenunua, asilimia yake ya umiliki inapungua. Hilo halina ubishi. Lakini asilimia si thamani. Hisa zimeongezeka, na fedha nazo zimeingia kwenye kampuni. Zikiuzwa kwa bei ileile ya soko, mwenye hisa za zamani hajapoteza hata senti kwa uuzaji huo.

Kinachoshusha bei kihesabu ni punguzo, yaani kuuza hisa mpya chini ya bei ya soko. Mwaka 2015 Benki ya CRDB ya Tanzania iliwauzia wanahisa wake hisa mpya, moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa shilingi 350. Tuseme sokoni hisa ilikuwa 410. Tano ni 2,050. Ongeza 350, ni 2,400. Gawa kwa sita, unapata 400. Bei imeshuka shilingi 10, lakini aliyenunua yuko palepale: hisa zake sita ni 2,400, sawasawa na alichokuwa nacho na alichoongeza. Aliyeumia ni yule aliyekaa kimya, maana hisa zake tano sasa ni 2,000, na ile 50 imekwenda kwa aliyenunua hisa mpya aliyoiacha. Inasikitisha, kwa sababu wengi wanaokaa kimya ni wenye hisa chache ambao barua ya kuwaarifu kuhusu hisa mpya hawakuisoma.

Baada ya hapo bei hufuata kazi ya fedha. Mtaji wa kupanua biashara na mtaji wa kuziba hasara havipokelewi sawa sokoni.

Halafu kuna Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ya 2008. Bado nasikia kwamba bei yake ilianguka chini ya bei ya mauzo ya shilingi 5 mwaka ule kwa sababu "kampuni ilitoa hisa bilioni 10". Haikutoa hata moja. Serikali ya Kenya ndiyo iliyouza hisa zake, ikashuka kutoka asilimia 60 hadi 35, na fedha zikaenda Hazina. Hisa za kampuni zilikuwa bilioni 40 kabla ya mauzo, na zikabaki bilioni 40 baada yake. Wauzaji wakiwa wengi kuliko wanunuzi bei hubanwa, ni kweli, ila huko ni hisa za zamani kubadilisha mikono.