"Amezima tu, mwacheni alale"

Kliniki ninayofanyia kazi iko Kansanga, jirani na baa za Kabalagala, na Jumapili alfajiri wengi wanaobebwa hadi mlangoni kwetu ni Wakenya na Watanzania waliokuja Kampala kusoma. Kila muhula sura mpya, maneno yale yale.

"Amezima tu, mwacheni alale." Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Wanamlaza mwenzao chali, wanamfunika blanketi, wanazima taa, nao wanalala usingizi wa pono wakidhani ulevi umeshaanza kupungua. Haujaanza. Pombe aliyokunywa mwisho bado iko tumboni, na kiwango chake kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda kwa nusu saa hadi saa nzima, pengine zaidi. Aliyezima saa nane usiku anaweza kuwa amelewa zaidi ikifika saa tisa. Akifika hapo koo halijilindi tena: akitapika chali, matapishi yanaingia mapafuni. Na kama alikunywa bila kula, sukari ya damu nayo inaweza kushuka.

Mlazeni ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili hewa ipite, na mmoja wenu akeshe naye. Mwiteni, mfinyeni begani. Asipoitika, au akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi zikipishana kwa sekunde 10 na zaidi, au midomo ikigeuka buluu, mleteni mara moja. Msimpe kahawa, msimmwagie maji, msimtie kidole kooni. Na nikiuliza alikunywa nini, niambieni ukweli! Kichupa cha Uganda Waragi cha mililita 200, chenye asilimia 40, kina takriban gramu 63 za alkoholi, na ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe kabla ya kuniambia ataamka baada ya saa mbili.

Wapo wanaochelewa kuja kwa kuogopa kwamba tutawaita watu wa uhamiaji. Jamani, mimi nahesabu pumzi zake. Karatasi zake za kuishi Uganda zinanihusu nini?

"Nyumbani nilikuwa namaliza Tusker nne bila shida." Tusker ina asilimia 4.2, Nile Special, bia ya hapa Uganda, ina 5.6. Kwa chupa za nusu lita, Nile tatu ni sawa na hizo Tusker nne.

"Kahawa, supu au katogo (ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maharage) hukata pombe." Hakuna kinachoharakisha ini, hata kahawa ya Bugisu ninayoipenda. Kuzimua kwa bia asubuhi ni kuahirisha maumivu tu. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameuchoka: rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, iliwe kabla ya kuingia baa, maana chakula hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu. Ile ya saa tisa usiku ni ya kushiba.

"Waragi ya kienyeji ukiiwasha ikatoa moto wa buluu, ni salama." Methanoli, alkoholi yenye sumu inayopofusha na kuua, nayo huwaka buluu hafifu, tena pengine usiione kabisa. Mwaka 2010 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Kabale. Macho yakiingia ukungu siku ya pili baada ya kunywa, msisubiri jioni.

"Ni mning'inio tu." Siku ya kwanza, sawa. Siku ya tatu, mtu ana homa, viungo vinauma, anatapika, bado analaumu waragi! Kampala kuna malaria mwaka mzima, na aliyekulia Nairobi au Arusha karibu hana kinga yoyote dhidi yake. Kipimo ni tone la damu ya kidole na kama dakika 20 za kusubiri. Sasa kwa nini mnaniletea mtu siku ya tano, macho ya manjano, anaweweseka, na wenzake wanabishana mlangoni kuhusu nani alimnunulia raundi ya mwisho?