Supamaketi za Malindi na mkebe wa risiti

Nikiwauliza wazee wa Malindi supamaketi fulani ilifunguliwa lini, ni nadra anitajie mtu mwaka. "Ilikuwapo, mwanangu, bahari ilipochafuka," aliniambia bibi mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi, akikusudia tsunami ya 26 Desemba 2004. Wengine huhesabu kwa mvua za El Nino za 1997. Kalenda hii naiheshimu sana. Mtu aweza kusahau mwaka, lakini hasahau kwamba alikuwa na mfuko wa unga mkononi alipoona watu wanakimbia kutoka pwani.

Neno lenyewe lataka uangalifu. Kwetu supamaketi ni hata duka la chumba kimoja, alimradi mteja ajichukulie mwenyewe rafuni badala ya kusimama kaunta na kuagiza. Kwa hivyo kabla ya kuuliza mwaka nauliza: ulikuwa ukichukua mwenyewe au ukipewa? Hapo ndipo duka la mtu na tawi la kampuni huanza kutengana katika masimulizi.

Kumbukumbu za kampuni zenyewe hazinisaidii sana. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ilifikisha matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, Malindi ikiwamo. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Kampuni ikifilisiwa hutafutwa mali ya kulipia madeni. Faili za tawi la mji kama wetu hazina mnunuzi.

Basi nafuata karatasi zilizobaki majumbani. Leseni ya biashara yenye jina la Manispaa ya Malindi ni ya kabla ya kaunti kuanza 2013. Baada ya hapo ni Kaunti ya Kilifi. Nambari ya simu inayoanza na 0123 ni ya zamani kuliko ile ya 042. Mfuko wa plastiki wenye nembo ya duka ulitolewa kabla ya 28 Agosti 2017, siku marufuku ilipoanza.

Ninayoipenda zaidi ni risiti. Yule bibi wa Shela alinifungulia mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliojaa risiti zilizokunjwa mara nne, nyingi zimefifia hadi kuwa nyeupe. Niliishika moja karibu na dirisha, nikaiinamisha kidogo, maandishi yakajitokeza: mchele, sabuni ya unga, mafuta ya nazi. Tarehe ilikuwa imekatika. Nikatafuta mstari wa kodi, nikaona VAT asilimia 14. Kiwango hicho kilidumu miezi tisa tu, kuanzia Aprili hadi Desemba 2020, kisha kikarudi 16. Kwa mstari huo mmoja nilijua kwamba alinunua sabuni ile mwaka wa korona, na kwamba duka lililompa risiti ile lilikuwa bado wazi.

Ukiwa na risiti kama hizo, zipige picha leo. Karatasi yake huandikwa kwa joto, si kwa wino, na joto hilo hilo huiharibu. Niliwahi kuipeleka moja ikafunikwe plastiki kwa mashine, nikidhani naihifadhi. Ikatoka nyeusi tititi. Ilikuwa risiti pekee niliyokuwa nayo ya duka lile, na hadi sasa sijapata nyingine. Usiziweke garini wala juu ya friji. Bahasha ya karatasi ndani ya kabati lenye giza yatosha.

Bibi hakukubali niondoke na mkebe. Alisema ndani mna risiti ya futari ya mwisho aliyomnunulia marehemu mumewe, na hajui ni ipi kati ya zile nyeupe. Ameurudisha uvunguni mwa kitanda. Ijumaa baada ya swala nitarudi kwake na kamera na taa, tuzipitie moja moja.