Nakala iliyochapwa ni kitu gani hasa?

Nakala iliyochapwa ni picha iliyotoka mashineni baada ya mchoro wa rangi kupigwa picha au kuskaniwa. Maana yake inaishia hapo. Kero ni pale inapouzwa kwa jina la "mchoro", au inapotiwa kapu moja na nakala za aina nyingine.

Chukua sura ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Gilbert Stuart aliichora mwaka 1796 kwa rangi za mafuta, kwenye turubai ya sentimita 122 kwa 94 hivi, na hakuimalizia: kichwa kimekamilika, chini ni turubai tupu. Akabaki nayo, akawa anaitazama na kuchora nyingine kwa mkono wake, makumi kadhaa, kila moja dola 100. Hizo ni nakala, ndiyo, lakini ni michoro kamili. Noti ya dola moja ya Marekani nayo ina habari yake: sura ile ilichongwa mstari kwa mstari kwenye bamba la chuma, tena imegeuzwa kama kwenye kioo. Hiyo ni chapa ya mchongo. Fundi aliyeichonga ameamua mwenyewe kila kivuli kiweje.

Bango la ukutani halina mkono wa mtu namna hiyo. Liangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vinukta vya samawati, majenta (waridi iliyokolea), manjano na nyeusi vilivyojipanga kama viua vidogo, ni ofseti, yaani uchapaji wa mabamba wa kiwandani. Vinukta vikiwa vimetawanyika bila mpangilio, ni printa ya wino. Chapa ya mchongo ina mistari tu. Usidanganywe na turubai, maana printa huchapa hata juu yake, kisha hupakwa jeli ili ionekane ina alama za brashi. Pitisha mwanga kwa ubavu: kama alama hizo zinakatisha pua na kola bila kufuata umbo, ni jeli tu.

Ukichapisha mwenyewe kwa sentimita 40 kwa 50, unahitaji faili ya pikseli 4,724 kwa 5,906 hivi, yaani nukta 300 kwa inchi. Ikipungua sana hapo, picha hufifia. Na vipimo hivyo havilingani na mchoro wa Stuart: ukijaza upana wa 40, urefu unafika karibu 52, kwa hiyo sentimita 2 zinakatwa. Wengi hukata zaidi, wakaondoa turubai tupu, na mnunuzi akadhani mchoro ulimalizika. Usiitundike penye jua. Kwa kawaida majenta na manjano hutangulia kupauka, na rais anabaki wa buluu.

Namba kama 12/500 pembeni inaeleza tu kuwa hiyo ni nakala ya 12 kati ya 500 zilizochapwa. Na sahihi ya penseli chini yake, yeyote aliyeiweka, si Stuart. Yeye alifariki mwaka 1828. Kwenye lebo inatosha kuandika: "Nakala iliyochapwa, kutokana na mchoro wa Gilbert Stuart, 1796."