Sifuri Si Usafi: Tangi la Matumbawe Likilala Njaa

Juzi usiku nimetumiwa picha nyingine. Vichupa viwili vya kupimia vimepangwa kwenye kaunta ya jikoni, maji yaliyomo hayana rangi hata kidogo, na chini yake maneno: "Nitrati sifuri, fosfati sifuri. Maji safi kabisa. Sasa mbona akropora zinafifia?" Akropora ni matumbawe yenye matawi, na nitrati na fosfati ni mabaki ya chakula na kinyesi yaliyoyeyuka majini. Aliyenitumia ni mtu muungwana. Ameujenga mfumo wa lita 300 kwa pesa yake na kwa subira ya miezi minane, na sina neno baya juu yake. Lakini hii ni picha ya nne tangu Ramadhani, na zote nne zimekuja na swali hilo hilo. Basi leo naliandika jibu lote mahali pamoja, na nikiulizwa tena nitatuma hapa.

Akropora zinafifia kwa sababu ya hiyo sifuri.

Imani hii naelewa ilikotoka. Kila aliyefuga samaki alianza kwa kuogopa uchafu. Amonia inaua, nitriti inaua, nitrati ikipanda mno mwani wa nywele unafunika mawe. Tukafunzwa kushusha, na vifaa vya kushushia vikawa hodari kila mwaka: skima inayotoa uchafu kwa povu, chembe za chuma zinazonasa fosfati, vodka na siki za kulisha bakteria, chumba cha pembeni cha kuoteshea mwani kinachowaka taa usiku kucha. Hakuna aliyetuambia pa kusimama.

Sasa tazama tumbawe lenyewe. Ndani ya nyama yake mna vimwani vinavyokamata mwanga na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo vinampa mwenyeji wao. Kwa hiyo watu husema, "Nina taa nzuri, matumbawe yanajilisha." Yanajilisha sukari. Sukari haina nitrojeni, na bila nitrojeni hakuna protini. Haina fosforasi, na bila fosforasi hakuna DNA wala utando wa seli. Mpe mtoto maji ya miwa asubuhi, mchana na jioni: atakimbia, lakini hataota nyama. Tumbawe la namna hiyo utalijua. Rangi yake inakuwa ya maziwa, ngozi inakuwa nyembamba hadi unaona vitundu vya mfupa chini yake, na polipi, vile vinywa vidogo vyenye mikono, hazitoki hata usiku.

Nikifika hapo huwa naletewa hoja ya bahari. "Fundi, hata baharini ni sifuri." Hoja hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli na inasemwa na watu waliosoma.

Ni kweli kwamba maji ya juu ya mwamba wa matumbawe ni maskini. Nitrati mara nyingi haifiki hata nusu miligramu kwa lita, na fosfati inahesabiwa kwa sehemu za mia. Lakini kipimo kinakuonyesha kilichobaki majini. Hakikuonyeshi kilichopita. Mwenye kibanda cha viazi karai akifunga jioni droo ina shilingi mia mbili, utasema leo hakuuza? Ameuza kutwa. Pesa imeingia, ikanunua viazi, unga, mafuta na mkaa, ikatoka.

Nenda Nyali au Watamu wakati wa bamvua, simama ukingoni maji yakijaa. Tofauti ya kupwa na kujaa kwa siku hizo inapita mita tatu. Maji yote hayo yanapanda juu ya mwamba, yanashuka, yanapanda tena, na kila pipa lake limebeba vidudu vichache. Vichache mara mapipa yasiyohesabika ni mlo mkubwa. Usiku planktoni inapanda kutoka chini na polipi zinatoka kuila. Samaki nao wanakula mbali na kuja kunya juu ya matumbawe. Hilo si la kuchekwa, limepimwa: mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi kisiwani St. Croix, Karibea, walitoa ripoti kwamba matumbawe yaliyokuwa na makundi ya samaki waliopumzika juu yake mchana, baada ya kula usiku kwenye majani ya bahari, yalikua haraka kuliko yale yasiyokuwa na wageni hao. Sifongo nao wana zamu yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha wanavyonyonya mabaki yaliyoyeyuka majini na kuyarudisha kama chembe ambazo wanyama wengine wanaweza kula. Mwambani hakuna kinachopotea. Kinashikwa kabla hakijafika kwenye kichupa cha kupimia.

Tangi lako lina samaki watatu wanaolishwa pinchi moja kwa siku, na skima iliyotengenezewa tangi la lita 800. Umechukua namba ya bahari ukaacha mlo wa bahari.

Jambo la pili ni hofu ya fosfati. Watu wanakubali nitrati kidogo, lakini fosfati ikisoma 0.05 (miligramu kwa lita, kama namba zote za nitrati na fosfati hapa) wanakimbilia chembe za chuma kama nyumba imeshika moto. Mimi naogopa kinyume chake. Kundi la Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton lilionyesha mwaka 2013 kwamba tumbawe lenye nitrojeni ya kutosha huku fosforasi imekatika linapauka kwa urahisi zaidi likipata joto au mwanga mkali. Vimwani vinasukumwa na nitrojeni viongezeke, na fosforasi ya kujengea seli haipo. Kwa hiyo tangi lenye nitrati 15 na fosfati sifuri mimi naliona liko hatarini kuliko lenye 15 na 0.15. Fosfati nyingi ina madhara, sikatai. Jaribio la One Tree Island huko Australia, lililochapishwa mwaka 1979, lilionyesha ujenzi wa mifupa ukipungua sana pale maji yalipoongezwa nitrojeni na fosforasi. Lakini kupungua kwa ukuaji nakuona kwa wiki kadhaa na nina muda wa kurekebisha. Njaa ya fosforasi imenivulia ngozi ya akropora kwa siku tatu.

Na Redfield mniachie, tafadhali. Ile 16 kwa 1 ni hesabu ya atomi za nitrojeni kwa fosforasi ndani ya miili ya planktoni ya bahari kuu, na Alfred Redfield alianza kuiandikia mwaka 1934 akizungumzia bahari. Haikuandikwa ili mtu amwage fosfati tangini hadi uwiano ukae sawa kwenye simu yake. Ninachoangalia ni kwamba hakuna kati ya nitrati na fosfati iliyogusa sakafu.

Kuhusu vipimo nitapita haraka. Kipimo cha kidijitali cha fosforasi tunachotumia wengi kinasoma kwa ppb (sehemu kwa bilioni), na kosa lake la kawaida ni 5 juu au chini. Zidisha kwa 3.066 upate fosfati: ni kama ppb 15, yaani 0.015 kwa miligramu. Maana yake kisomeke 0.00 au 0.01, hujajua tofauti. Futa kichupa vizuri, alama moja ya kidole inatosha kukudanganya. Vipimo vya rangi usivisome chini ya taa ya njano.

Sasa dino, yaani dinoflajelati, viumbe vya seli moja vinavyotanda tangini, kwa sababu ndizo zinazowaleta watu kwangu usiku.

Mwaka jana niliitwa Nyali kwenye tangi lililojengwa kwa mawe makavu, yasiyo na viumbe hai. Lilikuwa limesoma sifuri kwa sifuri miezi miwili. Mchanga na mawe yalifunikwa na utelezi wa kahawia kama makamasi, wenye nyuzi zinazoelea na kiputo cha hewa kwenye ncha ya kila uzi. Asubuhi kabla taa hazijawaka ulikuwa umepungua, saa saba mchana umerudi wote. Konokono walikuwa wamelala chali. Mwenye tangi alidhani ni mwani wa kawaida, akafanya alilofunzwa: akapunguza chakula, akabadilisha chembe za chuma, akabadilisha maji mara tatu kwa wiki. Kila hatua ilizidi kuwaondoa washindani wa dino, yaani mwani na bakteria wanaohitaji chakula kilichoyeyuka majini. Dino nyingi zina njia ya pili: zinaweza kula viumbe wengine. Maji yakiwa matupu wenzao wanakufa njaa, wao wanabaki na uwanja.

Nilichukua tone, nikaliweka chini ya hadubini ndogo ya mwanafunzi. Zilikuwa na umbo la tone la chozi, kila moja ikizunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Hiyo ni Ostreopsis. Ukiiona hivyo, usivute mpira wa maji kwa mdomo na usisugue mawe ukiwa na kidonda mkononi. Jamii hiyo hutoa sumu za aina ya palitoksini. Mwaka 2005 zilipochanua baharini Genoa, Italia, watu zaidi ya 200 walitafuta matibabu, wengi wakiwa wamevuta tu hewa ya ufukweni.

Nilipandisha nitrati hadi 8 na fosfati hadi 0.1, nikafunga taa ya UV ya kuua vinavyoelea majini, nikapunguza saa za mwanga, na nikaleta kikombe cha mchanga hai, wenye viumbe wake, kutoka tangi langu la zamani. Baada ya wiki sita utelezi uliisha. Ni kipi kati ya vinne kilichofanya kazi? Siwezi kukuapia. Ostreopsis huachia mawe usiku na kuelea, kwa hiyo UV inaikamata. Amphidinium, dino ya aina nyingine, hukaa mchangani, na kwake UV haina msaada mkubwa. Nina tangi jingine la Amphidinium ambalo nililipandisha vile vile, nikakaa nalo miezi minne bila mabadiliko, kisha zikaondoka zenyewe bila mimi kugusa kitu. Anayekwambia kupandisha namba ni dawa ya uhakika hajakutana na tangi kama lile. Ninachojua ni kwamba sijawahi kuzishinda nikiwa sifuri.

Tangi likiwa sifuri, naanza na chakula. Mara mbili au tatu kwa siku, vya barafu pamoja na juisi yake, ile mnayoimwaga kwenye sinki. Chembe za chuma natoa siku hiyo hiyo. Skima siizimi, kwa sababu inaleta oksijeni na usiku wetu ni wa joto, lakini naishusha itoe povu kavu na kidogo. Taa ya chumba cha mwani naikata iwake kwa muda wa saa nne tu. Vodka naipunguza polepole, kwa wiki mbili tatu, usiikate ghafla. Kama tangi lina nafasi, naongeza samaki. Kangaja mmoja anayekula mwani kutwa ni mashine ya mbolea, na amonia inayotoka kwenye mashavu yake matumbawe huichukua kwa urahisi. Ndiyo maana napenda samaki kuliko chupa.

Hayo yasipotosha baada ya wiki mbili, ndipo nitrati ya sodiamu safi. Kwa lita 300, kuongeza miligramu 1 kwa lita unahitaji kama gramu 0.41. Nusu ya hiyo kwa siku inatosha. Fosfati itakukatisha tamaa: unaweka leo isome 0.05, kesho sifuri. Haijaliwa yote. Mawe na mchanga wa aragonaiti vinaishika, hasa yale mawe makavu mapya, na vitaendelea kuishika hadi vishibe. Weka kidogo kila siku, pima kila siku, na usikasirike ukaongeza mara kumi. Mawe yaliyoshiba huirudisha pia.

Alkali, ile akiba ya kaboneti inayopimwa kwa dKH, iangalie wakati huo huo. Tangi lenye njaa lililowekwa 10 au 11 dKH huunguza ncha za akropora, zinabaki nyeupe kama chaki. Mimi nakaa 7.5 hadi 8 mpaka chakula kirudi. Na mabadiliko yote yaende taratibu. Tumbawe lililozoea ufukara ukilipandishia nitrati hadi 10 kwa siku mbili linageuka kahawia, maana vimwani vinazaana kabla mwenyeji hajajipanga.

Namba ninazozilenga ni nitrati 2 hadi 10 na fosfati 0.03 hadi 0.1. Lakini nimeona tangi zuri mno la nitrati 0.5 na fosfati 0.01, ambalo mwenyewe hulisha mara tano kwa siku na lina samaki kumi na sita. Nimeona jingine la nitrati 25 lenye rangi zinazokuzuia kuondoka. Kwa hiyo namba hizo ni mahali pa kuanzia, na tumbawe lenyewe ndilo linanionyesha kama zinatosha.

Mwenye picha ya juzi nimemwambia atoe chembe za chuma, alishe asubuhi na jioni, apime Jumamosi. Nimemwomba namba hizo zije pamoja na picha ya akropora, iliyopigwa saa tatu usiku, nusu saa baada ya taa kuzima, tujue kama polipi zimetoka. Picha ya vichupa peke yake sitaijibu.