Sheria za maafa huandikwa upepo ukishatulia

Kimbunga chenyewe hakifiki Dodoma. Nguvu yake hutoka kwenye maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na kikipanda nchi kavu hufifia. Kwa hiyo mkazi wa Kongwa aliyesikia tahadhari ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, alikuwa na haki ya kudhani hayo ni ya Mafia na Kilwa. Ila sheria inayoamua nani ahamishwe, ghala lifunguliwe na nani, na fedha zitoke wapi, hutungwa hapa hapa Dodoma. Ndiyo itakayotumika pia mto ukifurika Gulwe na kuzoa reli, jambo ambalo watu wa Mpwapwa hawahitaji kuhadithiwa.

Sheria za namna hii nyingi zina kovu la maafa yaliyozitangulia. Marekani ndiko makovu hayo yanakosomeka vizuri. Kimbunga Betsy cha 1965 kiliacha familia nyingi za Louisiana bila fidia, maana bima za kawaida za nyumba hazikugusa mafuriko. Mwaka 1968 ukaanzishwa mpango wa taifa wa bima ya mafuriko. Andrew, 1992, kiliezua mapaa Florida, na kanuni za ujenzi zikakazwa. Baada ya Katrina, Agosti 2005, FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia dharura, lililaumiwa kwa kuchelewa. Sheria ya 2006 ikaruhusu msaada utangulie hata kabla jimbo halijaomba.

Mwaka huo huo ilipita sheria nyingine ambayo baadhi yetu huichekea: mipango ya kuhamisha watu izingatie na mbwa na paka wao. New Orleans kulikuwa na watu waliogoma kuondoka kwa sababu wanyama wao hawakupokelewa. Mfugaji wa Bahi hatacheka. Mwambie ahame bondeni usiku huu na ng'ombe abaki, uone kama atahama. Mpango usiosema mifugo itapelekwa wapi umeshashindwa kabla ya mvua kunyesha, na kwa maoni yetu hilo ndilo pengo la kwanza la kuzibwa katika mikoa ya kati.

Fedha nazo zina siasa zake. Siku chache baada ya Katrina, Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 10.5, kisha nyingine bilioni 51.8. Kimbunga Sandy kilipiga Oktoba 2012, lakini fungu kubwa la msaada lilipita mwishoni mwa Januari 2013, baridi ikiwa kali. Ndiyo maana mfuko wa maafa uliowekwa kisheria mapema ni bora kuliko harambee ya baada ya msiba.

Sisi tulianza na sheria ya 1990, iliyohusu hasa kuratibu misaada: unga, mablanketi, mahema. Ya 2015 ikapanua kazi hadi usimamizi wa maafa, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mwaka uliofuata, Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 huko Katesh.

Janga likizidi uwezo wa kamati hizo, Ibara ya 32 ya Katiba humruhusu Rais kutangaza hali ya hatari. Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14, na tangazo huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Mlango huo haufunguliwi kwa kila mafuriko, wala haupaswi kufunguliwa hivyo.

Kwa mwananchi, kazi iko kwenye kamati ya kijiji. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba, na mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila miezi mitatu. Ulizeni huko: kamati ni akina nani, watu watakimbilia wapi, na ng'ombe je?