Sabufa ya Mezani Haiongezwi Ili Isikike

Karibu kila anayeniita nimrekebishie sauti ya kompyuta huwa na lalamiko lile lile: amenunua sabufa, yaani spika ya sauti nzito za besi, Luthuli Avenue jijini Nairobi, ameiunganisha na spika zake mbili ndogo za mezani, na sasa anadai kwamba sabufa yenyewe haisikiki. Ili kuisikia, amezungusha nobu hadi mwisho, vioo vya dirisha vinatetemeka, na mwimbaji anasikika kana kwamba anaimba ndani ya pipa. Imani hii kwamba sabufa lazima isikike imenichosha, kwa maana inaharibu vifaa vizuri na kuwanyima watu muziki walioulipia.

Sabufa huongezwa ili kuzipunguzia spika ndogo kazi ambayo haziiwezi. Spika yenye koni ya inchi tatu huanza kuishiwa nguvu karibu na Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ilhali uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ule unaoibeba benga, hutoa takriban Hz 41. Kila masafa yanaposhuka kwa nusu, koni hulazimika kusogea mara nne zaidi ili itoe sauti ya ukubwa ule ule. Itazame kwa karibu uone inavyopwita mbele na nyuma, kisha ukumbuke kwamba koni hiyo hiyo ndiyo inayobeba pia sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo, chunguza kama waya zinazotoka kwenye sabufa kwenda kwa spika zimekatwa besi. Sabufa nyingi za bei nafuu hupitisha kila kitu. Ikiwa yako ni hivyo, punguza besi kwenye spika zenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni ushauri wa kuweka krosova, yaani mpaka ambapo spika huiachia sabufa kazi, kwenye Hz 80 popote pale. Kipimo hicho kinazifaa spika kubwa za sinema ya nyumbani. Spika za inchi tatu zikikatiwa hapo, hubaki pengo ambalo hakuna kifaa kinacholijaza, na mwenye nyumba hujaribu kuliziba kwa kuongeza sauti ya sabufa, jambo ambalo linakuza tu masafa yaliyo chini ya pengo hilo. Mimi huanzia kati ya Hz 100 na 120. Hata hivyo, kiwango hicho kina gharama yake: sikio huanza kutambua besi inatoka wapi, na sauti nzito ya mwanamume huanza kuvuja kutoka chini. Ndiyo maana sabufa hii inapaswa kukaa chini ya meza, karibu na katikati ya spika mbili, wala si nyuma ya mlango kwa sababu tu hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Chumba nacho kina neno lake. Katika bedsita yenye mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta, sauti hurindima karibu na Hz 57, na ukiketi katikati kabisa, besi hiyo hukukwepa huku jirani akiipata yote. Kuongeza nguvu hakusaidii; sogeza kiti au sabufa, ucheze wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, na usikilize kama kila noti ina uzito sawa na mwenzake. Kuhusu swichi ya 0 na 180 kwenye sabufa, inayogeuza koni ianze kwenda mbele au nyuma, vitabu vina uhakika ambao mimi sina. Mimi huchagua upande wenye besi iliyojaa zaidi pale kitini, lakini mara nyingine nikisogea kidogo tu jibu hugeuka.

Wati za PMPO zilizoandikwa kwenye katoni, ambazo ni za kilele cha kufumba na kufumbua, zipuuze; tazama RMS, nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo.

Mwisho, pandisha sauti ya sabufa polepole hadi uitambue, kisha uishushe kidogo. Izime wimbo ukiendelea: wimbo unapaswa kukonda, bila wewe kuweza kukionyesha kwa kidole kifaa kilichonyamaza. Hapo tia alama ya kalamu kwenye nobu, kwa kuwa atakayefagia chini ya meza ataigusa.