Pato la Guyana si mapato ya Waguyana

Kila takwimu mpya za Shirika la Fedha la Kimataifa zikitoka, ujumbe uleule unaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: uchumi wa Guyana, ile nchi ya Amerika Kusini, umepaa kwa asilimia 60, kila Mguyana ana dola 30,000 kwa mwaka, na sisi Watanzania wenye gesi ya Lindi na Mtwara tumelala usingizi. Nimechoka kuujibu kwa mistari miwili miwili. Leo naujibu wote.

Ukuaji ni wa kweli. Mwaka 2020, Korona ikiwa imezibana nchi karibu zote, uchumi wa Guyana ulikua kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2022 ukapita 60, na 2024 ukarudi juu ya 40. Nchi isiyofikisha watu milioni moja, iliyokuwa ikiishi kwa sukari, mpunga, boksiti na dhahabu, ilianza kutoa mafuta Desemba 2019, na kufikia 2024 ilikuwa inatoa zaidi ya mapipa 600,000 kwa siku. Namba lazima ziruke.

Kosa linaanza pale mtu anapochukua Pato la Taifa, analigawa kwa idadi ya watu, kisha anasema hizo ni fedha za wananchi. Pato la Taifa huhesabu thamani iliyozalishwa ndani ya mipaka. Haliulizi nani kaondoka nayo. Kitalu cha Stabroek, yaani eneo la bahari mafuta hayo yanakochimbwa, kiko karibu kilomita 200 kutoka pwani. ExxonMobil ina asilimia 45, Chevron 30 (ilizipata ilipoinunua Hess mwaka 2025), CNOOC ya China 25. Serikali haina hisa ndani ya kitalu. Mafuta yanachujwa juu ya meli kubwa za uzalishaji, yanahamishiwa kwenye meli za kubebea hukohuko baharini, na safari inaanza. Hayagusi nchi kavu. Guyana haina hata kiwanda cha kusafishia mafuta. Petroli ya magari ya Georgetown, mji mkuu, inaagizwa kutoka nje.

Sasa mkataba wa 2016 kati ya serikali na kampuni hizo, ambao ndio kiini cha yote. Chukua mapipa 100. Hadi 75 yanaweza kwenda kwa kampuni kurudisha gharama. Yaliyobaki 25 yanagawanywa nusu kwa nusu: serikali 12.5, kampuni 12.5. Juu yake serikali inapata mrabaha, yaani malipo ya kuchimba mali yake, wa asilimia 2 ya mafuta yote. Jumla ya serikali ni 14.5. Kodi ya mapato ya kampuni je? Mkataba unasema inalipwa na serikali kutoka kwenye fungu lake. Yaani usiijumlishe juu ya 14.5, imo humohumo.

Lakini wanaharakati nao wananikera wanapoishia hapo, kama kwamba 14.5 ni kiwango cha milele. 75 ni ukomo wa juu. Gharama za zamani zikishalipwa na matumizi ya mwaka yakashuka, tuseme hadi mapipa 30 kati ya 100, faida inakuwa 70, serikali inachukua 35 na mrabaha 2, jumla 37. Tofauti ni kubwa mno. Swali la maana ni gharama zitashuka lini, na hapo ndipo mkataba ulipolegea: hautenganishi mradi mmoja na mwingine. Gharama za kujenga mradi wa tano au wa sita zinarudishwa kutoka kwenye mafuta ya Liza, mradi wa kwanza, unaozalisha tayari. Kwa hiyo kila mradi mpya ukiidhinishwa, siku ya kufikia 37 inasogezwa mbele. Ndiyo maana ukaguzi wa gharama una uzito kuliko kelele zote za mrabaha: kila dola ya gharama inayokataliwa inakuwa faida, na nusu yake ni ya serikali.

Je, ulikuwa mkataba mbovu? Sijakata shauri. Kisima cha Liza-1 kilikuwa kimeshapata mafuta Mei 2015, kwa hiyo serikali ilijadiliana ikijua kuna kitu, na ilikubali bonasi ya kusaini ya dola milioni 18 tu. Upande wa pili, bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka, Venezuela inadai eneo la Essequibo, theluthi mbili ya nchi, na kuwa na kampuni kubwa ya Marekani baharini kulikuwa na thamani isiyoandikwa kwenye jedwali. Masharti ya vitalu vipya, mrabaha asilimia 10 na ukomo wa gharama 65, yanaonyesha serikali yenyewe ilivyoyaona ya zamani.

Siasa nitazipitia haraka, isipokuwa kisa kimoja. Desemba 2018 mbunge mmoja wa serikali alipiga kura na upinzani, hoja ya kutokuwa na imani ikapita 33 kwa 32. Serikali ikadai nusu ya viti 65 ni 32.5, ambayo ukiikamilisha ni 33, na wingi ni nusu na kiti kimoja zaidi, kwa hiyo ni 34! Mahakama ya Haki ya Karibi, iliyo ya mwisho kwa rufaa za Guyana, ikaitupa hesabu hiyo Juni 2019. Uchaguzi ukafanyika Machi 2020, kura zikahesabiwa upya, na Irfaan Ali wa upinzani akaapishwa kuwa rais Agosti. Ugomvi wa kiti kimoja ulikuwa mkali hivyo kwa sababu mshindi ndiye angeshika fedha za mafuta, katika nchi ambako kura kwa muda mrefu zimefuata asili, Wahindi upande huu na Waafrika upande ule. Septemba 2025 Ali alishinda tena kwa viti 36, na chama kipya cha WIN kikauondoa muungano wa APNU, uliokuwa madarakani hadi 2020, kwenye nafasi ya upinzani mkuu. Hilo ndilo badiliko la kutazamwa.

Ukitaka kipimo cha haki, acha Pato la Taifa. Angalia fedha zinazoingia kwenye Mfuko wa Rasilimali Asilia, unaopokea fungu la serikali la mafuta na ambao akaunti yake iko Benki Kuu ya Marekani, New York. Mwaka 2024 ziliingia karibu dola bilioni 2.6. Gawa kwa watu 800,000: kama dola 3,200 kwa kichwa, si 30,000. Na hizo ni za serikali, za madaraja, hospitali na kuta za kuzuia bahari, kwa sababu sehemu kubwa ya pwani wanakoishi watu iko chini ya usawa wa maji yakijaa.

Mwenye kulinganisha na Tanzania aanzie kwenye masharti. ExxonMobil hiyohiyo ni mbia wa Equinor, kampuni ya Norway, kwenye Kitalu namba 2 cha gesi. Uliza mrabaha ni asilimia ngapi, ukomo wa gharama ni upi, na gharama za mradi mmoja zinaweza kudaiwa kwenye mwingine au la.